Sileji ya Miwa kwa Kondoo: Kitu Gani Kitiwe Ndani Yake?

Ukisafiri mwezi wa Januari kutoka Kitale kwenda Webuye, kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa, utaona jambo la kufikirisha. Upande wa Kitale mahindi yamekwisha vunwa, mabua yamesimama makavu, na kondoo wanatafuta majani kando ya barabara mahali pasipo na majani. Ukizidi kushuka kuelekea Bungoma unaanza kuona miwa, nayo ni mibichi, imesimama wima kana kwamba haijui kuwa ni kiangazi. Lakini kondoo wa huko nao wamekonda vile vile. Mwenye kondoo watano au kumi aghalabu huwauza wakati huo kwa bei ya hasara, kwa sababu hana cha kuwapa mpaka mvua za Aprili.

Basi wakulima wamekuwa wakiuliza: Je, miwa haiwezi kutiwa shimoni ikawa sileji, kama vile mahindi na nepia? Jibu ni kwamba yaweza. Lakini muwa hauna tabia ya nepia, na mtu akiufuata kwa desturi ile ile aliyofundishwa ya nepia atafungua shimo lake na kukuta sehemu kubwa ya chakula imetoweka. Somo letu la mwezi huu ni juu ya vitu vya kutiwa ndani ya sileji ya miwa ili chakula kisipotee, na jinsi ya kumpa kondoo bila kumdhuru.

Miwa gani itumike

Kwanza tuseme neno juu ya miwa yenyewe. Tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga mwaka 1978, miwa ya Bungoma imepandwa kwa ajili ya sukari, na mkulima huingoja miezi 18 au 24 kabla ya kuikata. Miwa uliyoiandikia mkataba na kiwanda si yako kuilisha kondoo bila kupatana na wenye mkataba. Kadhalika, wakati bei ya tani ni nzuri na lori linakuja, hakuna akili ya kumpa kondoo kile ambacho kingelipa karo ya mtoto. Uza miwa, na kondoo umwekee vilele vyake.

Lakini iko miwa mingine. Iko ile iliyokwisha komaa, lori halikufika, na kila mwezi unaopita inazidi kukauka na kupoteza sukari. Iko ile ya kipande kidogo nyuma ya nyumba ambayo haikuandikwa popote. Iko pia ile iliyoungua moto kwa bahati mbaya. Hiyo huharibika upesi sana, na ukitaka kuitumia yapasa uishughulikie siku hiyo hiyo au ya pili. Hii ndiyo miwa tunayoizungumzia hapa. Miwa michanga usiikate, maana haijajenga sukari yake, nawe utavuna maji.

Ugonjwa wa sileji ya miwa

Mkulima mmoja mzee aliniuliza sokoni, (watu wengi bado huniita Mwalimu, ijapokuwa kazi yangu sasa ni ya karani), "Mwalimu, mlitufundisha kwamba sileji hutaka sukari ili iive. Muwa ndio mama wa sukari. Mbona mnasema sileji yake ni mbaya?" Nilimjibu, "Mzee, swali lako ndilo somo lenyewe."

Sileji huiva hivi. Majani yakikatwakatwa na kushindiliwa mpaka hewa itoke, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hula sukari ya majani na kutoa asidi, ile ile inayochachusha maziwa. Asidi ikizidi, vijidudu vya kuozesha haviwezi kuishi, na chakula hukaa miezi mingi. Nepia ina sukari kidogo, ndiyo maana tuliwafundisha kuitia molasi, ili vijidudu vya asidi vipate cha kula.

Muwa una sukari ya kutosha na kupita kiasi. Katika kilo 100 za miwa mibichi iliyokomaa, karibu kilo 70 ni maji, na katika zile 30 zinazobaki, sukari hufika kilo 12 au zaidi. Vijidudu vya asidi hula kidogo tu na kumaliza kazi yao upesi. Sukari inayobaki huliwa na hamira. Hamira ya porini imejaa juu ya kila muwa. Wala haiogopi asidi, wala haihitaji hewa. Kazi yake kila mtu wa Bungoma anaijua bila kufundishwa, kwa maana ndiyo inayofanya kangara ichemke ndani ya pipa. Shimo la miwa lisilotiwa kitu ni pipa la kangara lililofunikwa udongo.

Sasa tazameni hasara. Sukari ikigeuka pombe, karibu nusu ya uzito wake huondoka kama hewa. Yaani, katika kila kilo 2 za sukari zinazoliwa na hamira, karibu kilo 1 imeruka na haitarudi tena. Ile nyingine imekuwa pombe, nayo nyingi hukauka na kupotea sileji inapotolewa nje. Linalobaki kwa wingi ni nyuzi ngumu za muwa, ambazo kondoo hutafuna siku nzima na kupata faida ndogo. Wataalamu wa Brazil, nchi inayolima miwa kuliko nchi zote duniani, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wameona kwamba sileji ya miwa isiyotiwa kitu yaweza kupoteza hata robo ya chakula chote kilichokuwamo, na pengine zaidi.

Na jambo la hila ni hili: sileji hiyo haionekani mbaya. Rangi yake ni nzuri, ukipima asidi utaikuta ya kutosha, na harufu yake ni tamu. Mkulima hufurahi. Ukisikia harufu ya pombe katika sileji ya miwa, ujue unanusa chakula cha kondoo wako kikienda zake.

Kwa hiyo kiongezo cha kwanza tunachokikataza ni molasi. Kutia molasi katika miwa ni kumwongezea hamira chakula. Wako wanaofanya hivyo kwa sababu karatasi ya mafundisho ya nepia imebandikwa ukutani nao wameifuata neno kwa neno. Nepia ni nepia, na muwa ni muwa.

Yurea

Kiongezo kinachopatikana kwa urahisi kuliko vyote ni mbolea ya yurea, ile ya punje nyeupe. Nayo hufanya kazi mbili. Ndani ya shimo hugeuka amonia, na amonia huizuia hamira isistawi. Tena humwongezea kondoo kile ambacho muwa hauna kabisa, yaani protini. Yurea yenyewe si protini, bali vijidudu vilivyomo ndani ya tumbo kubwa la kondoo huichukua na kujijengea miili yao, na kondoo huwameng'enya baadaye. Mnyama asiyecheua hawezi kazi hiyo, kwa hiyo nguruwe na kuku wasipewe sileji ya namna hii hata kidogo.

Tufanye hesabu ubaoni. Kilo 100 za miwa zina kilo 30 za chakula kikavu, na protini yake ni karibu 3 kwa mia, yaani gramu 900 tu. Kondoo mkubwa ambaye hakui wala hanyonyeshi huhitaji chakula chenye protini ya 7 au 8 kwa mia ili asikonde. Mwana-kondoo anayekua huhitaji zaidi sana. Yurea ina naitrojeni 46 kwa mia. Nusu kilo ya yurea ina naitrojeni gramu 230. Zidisha kwa 6.25, kama wapimaji wanavyofanya, utapata sawa na protini kilo 1.4. Jumlisha na ile gramu 900, ni kilo 2.3 katika kilo 30, yaani karibu 8 kwa mia. Ukitia kilo nzima utafika 12 kwa mia na kidogo. Baadhi hupotea hewani, lakini mnaona kwamba nusu kilo peke yake imekwisha mtoa kondoo katika njaa.

Shauri letu ni hili. Msimu wa kwanza, tia nusu kilo kwa kila kilo 100 za miwa. Nusu kilo haizuii hamira sawasawa na kilo nzima, lakini kwa mtu anayejifunza, kondoo hai ni bora kuliko sileji kamili. Ukisha zoea kupima na kulisha, waweza kupanda mpaka kilo 1. Usipite hapo. Ikiwa una mbolea ya salfeti ya amonia, wengine huchanganya sehemu 9 za yurea na sehemu 1 ya hiyo, ili kondoo apate na salfa. Ni jambo jema, lakini si la lazima.

Mbolea nyingine haziwezi kushika nafasi ya yurea. DAP na CAN si chakula cha mnyama, na CAN ina naitreti ambayo huua. Mbolea iliyochanganywa dukani kwenye mifuko isiyo na maandishi iache kabisa.

Yurea usiimwage kwa ngumi. Pima miwa kwa mizani. Gunia moja lijazwe, lipimwe, na baada ya hapo mahesabu yafuate magunia. Koroga yurea katika maji, nusu kilo kwa lita 2 hivi, mpaka punje zote ziyeyuke, kisha nyunyiza kwa keni ya bustani juu ya kila tabaka na kugeuza kwa uma. Donge moja la yurea ambalo halikuyeyuka latosha kumuua kondoo mmoja.

Chokaa, na bakteria wa dukani

Kiongezo cha pili ni chokaa nyeupe ya kawaida, ile inayochomwa Koru na kuuzwa kwa ujenzi na kwa kutengeneza udongo. Kilo 1 kwa kilo 100 za miwa, ikorogwe katika lita 4 za maji na kunyunyizwa vile vile. Chokaa hupunguza ukali wa asidi na kuizuia hamira, tena hulainisha nyuzi za muwa kiasi fulani, na sileji hiyo haipati joto upesi ikifunguliwa. Kwa upande wa kondoo ina usalama zaidi kuliko yurea. Upungufu wake ni kwamba haina protini hata chembe. Anayetumia chokaa lazima awe na desmodiamu, lusini, kaliandra au majani ya viazi vitamu ya kumpa kondoo kila siku. Iwe chokaa safi, isiyo na saruji wala rangi. Ile ambayo haijazimwa kwa maji huunguza mikono na macho. Vaa glavu, na watoto wakae mbali.

Chokaa na yurea visitiwe pamoja. Chokaa huifukuza amonia ikaruka hewani, nawe utakuwa umenunua yurea ya kunusa.

Juu ya bakteria wanaouzwa katika pakiti, neno moja. Wako wa namna nyingi. Wale wa kawaida, waliotengenezwa kwa ajili ya mahindi na nyasi, hutoa asidi ya maziwa, ambayo hamira haiijali, na katika miwa wanaweza hata kuongeza pombe. Wanaofaa ni wa aina iitwayo Lactobacillus buchneri, kwa kuwa wao hutoa pia asidi ya siki, na siki ndiyo adui wa hamira. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa. Jina hilo lisipokuwapo, rudisha.

Mabua ya Kitale

Sasa turudi kwa yale mabua makavu tuliyoyaona njiani. Mashamba ya Trans Nzoia huacha mabua mengi kuliko ng'ombe wanavyoweza kula, na sehemu kubwa hulimiwa chini au kuchomwa. Mabua hayo, yakikatwa vipande vidogo na kuchanganywa na miwa, kilo 10 au 15 kwa kilo 100, hunywa maji ya muwa yasivuje chini ya gunia. Maji yanayovuja ni sukari inayokimbia. Mtu wa Bungoma hana haja ya kuyatafuta mbali, kwani hata shamba lake la mahindi lina mabua. Yawe makavu na yasiwe na ukungu. Pumba za mahindi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini zina bei, na ukizipata ni afadhali uziweke umpe kondoo wakati wa kulisha.

Mabua hayazuii hamira. Ni msaidizi wa yurea au chokaa, si badala yake.

Gunia, si shimo

Hapa ndipo wafugaji wa kondoo wanapokosea zaidi kuliko wafugaji wa ng'ombe, kwa maana picha zote za sileji wanazoonyeshwa ni za ng'ombe. Kondoo mmoja wa kilo 30 atakula kilo 1 na nusu ya sileji hii kwa siku. Kondoo 10 ni kilo 15. Shimo la kulishia ng'ombe, likifunguliwa kwa ajili ya kilo 15 kwa siku, uso wake utakaa wazi siku nyingi, hewa itaingia, hamira itaamka na ukungu utafuata. Ukungu na udongo katika sileji humletea kondoo ule ugonjwa wa kuzungukazunguka, kichwa kimepinda, na aghalabu hufa.

Kwa hiyo tumia magunia yenye mfuko wa nailoni ndani, ya kubeba kilo 50. Kondoo 10 humaliza gunia moja kwa siku 3 au 4, na hapo hapo unafungua jingine. Kwa siku 90 za kiangazi unahitaji kilo 1,350. Ongeza kidogo kwa ajili ya hasara, uweke 1,500, ambayo ni magunia 30, na yurea ya nusu kilo kwa mia ni kilo 7 na nusu tu. Pipa la plastiki la lita 200 nalo lafaa, likiwa halikuwahi kubeba dawa ya sumu.

Miwa ikatwe kwa mashine vipande vya sentimita 1 au 2. Kondoo huchagua chakula kuliko ng'ombe. Vipande vikiwa virefu atanyonya utamu na kukuachia makapi. Kata, nyunyiza, shindilia na funga siku hiyo hiyo. Miwa iliyokatwakatwa ikilala nje usiku mmoja imekwisha anza kuchacha. Shindilia kwa magoti na ngumi mpaka gunia liwe gumu kama la mahindi, toa hewa, funga mfuko wa ndani kwanza kisha wa nje. Weka juu ya mbao, chini ya paa, mahali panya hawafiki, maana tundu moja la panya huharibu gunia zima. Usifungue kabla ya siku 30.

Kulisha

Ukifungua gunia la yurea utasikia harufu kali ya amonia. Toa sileji ya siku hiyo, itandaze kivulini muda wa saa moja, kisha mpe kondoo. Asianze na kilo 1 na nusu. Juma la kwanza mpe konzi mbili tatu, gramu 300 hivi, juma la pili gramu 700, la tatu kilo 1, na baada ya hapo kiasi kamili, ukigawanya asubuhi na jioni. Ukiacha kumpa kwa siku kadhaa, kwa sababu yoyote, anza upya kutoka mwanzo. Tumbo husahau upesi.

Sileji isiwe chakula chake chote. Mpe pamoja nayo nyasi kavu, kama ile ya Rhodes inayolimwa sana upande wa Kitale, na kilo moja hivi ya majani ya viazi vitamu au desmodiamu. Konzi moja ya pumba kila siku husaidia vijidudu vya tumbo kuitumia yurea. Chumvi na maji yasikosekane. Chumvi ya madini iwe ya kondoo. Ile ya ng'ombe mara nyingi ina shaba nyingi, na shaba humlimbikizia kondoo sumu katika ini.

Wana-kondoo walio chini ya miezi mitatu wasipewe sileji ya yurea, kwa kuwa tumbo lao halijakomaa kwa kazi hiyo. Wala kondoo aliyetoka njaani, au aliyenunuliwa jana sokoni Chwele akiwa amekonda, asipewe mpaka alishwe majani siku kadhaa. Wenye njaa ndio wanaokufa, kwa sababu hula kwa pupa.

Dalili za hatari

Sumu ya yurea haicheleweshi. Katika nusu saa au saa moja baada ya kula, kondoo hutetemeka, hutokwa na mate mengi, husaga meno, tumbo huvimba, hupepesuka na kuhema kwa nguvu. Ondoa chakula mbele ya kundi lote, si mbele ya huyo mmoja tu. Mnyweshe siki ya dukani nusu lita mpaka lita moja, pamoja na maji baridi mengi, polepole kwa chupa, kichwa kikiwa sawa na mgongo ili asipaliwe. Akiwa amelala na haumezi, usimnyweshe. Weka chupa mbili za siki nyumbani kabla hujafungua gunia la kwanza.

Mvua ikiingia katika hori lenye sileji ya yurea, maji yale yanayotuama chini yana yurea iliyoyeyuka, na kondoo huyanywa kwa furaha. Yamwage mbali kabla ya kuwafungulia. Na daktari wa mifugo akipigiwa simu, mwambie mara moja kwamba walikula sileji ya yurea, ilikuwa kiasi gani kwa kilo 100, na walianza saa ngapi, ili aje na dawa inayopasa.